Watwangaji wa Hewa

Walikuwa wanawake watatu na kinu kimoja, na ndani ya kinu hamkuwa na kitu. Hamkuwa na mpunga, wala mahindi, wala kisamvu. Bi Mwanakombo, mkubwa wao, aliinua mchi wake kwanza. Chausiku akafuata kabla ule wa kwanza haujatua. Na Sikitu, mdogo wao, akaushusha wake mwisho, katikati ya michi ya wenzake, kama mtu anayepenyeza mkono kwenye sinia la watu wengi. Tu, tu, tu. Michi mitatu ilipogusa kinu, upepo uliingia mjini. Ulipita barabarani, ukatikisa nguo kambani, ukafika nyumba ya mwisho ya mtaa wa mwisho, kisha ukarudi wenyewe ulikotoka. Hapo walinyamaza kidogo, kimya cha kumeza mate tu. Kisha Bi Mwanakombo akainua mchi tena.

Hiyo ndiyo kazi yao. Hakuna aliyekumbuka ilianza lini. Mji uliitwa Kisogoni, na kibanda chao kilikuwa chini kabisa, mahali shingo ya mlima inapokutana na mgongo wake. Humo hamkuwa na saa ya ukutani. Aliyetaka kusema muda alisema, "Tangu michi kumi iliyopita," au "Michi mia ijayo, Mungu akipenda." Na aliyetaka kusema maisha alionyesha kinu kwa kidevu.

Watu wa mji walisimulia kwamba yuko mtu mmoja mkubwa, ambaye mlima wote ni mwili wake, na wakamwita Mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona. "Mwenyewe ndiye anayevuta pumzi," walisema watu wa juu, wale wanaokaa karibu na madirisha. Sikitu aliposikia hivyo alichanganyikiwa, na mkanganyiko huo hakumwambia mtu. Kama Mwenyewe anavuta pumzi mwenyewe, hawa watatu wanatwanga nini? Na kama wao ndio wanaomvutia, basi kwa nini yeye aitwe Mwenyewe? Mara nyingine Mwenyewe alizuia pumzi kwa makusudi, labda alikuwa anapiga mbizi, labda anajificha nyuma ya mlango, na michi ikabaki juu. Lakini hakuweza kuizuia daima. Mwisho michi ilishuka tu, atake asitake. Nani basi mkubwa hapo? Sikitu alilitafuna swali hilo michi mingi, likawa kama nyama ya shingo, halimezeki wala halitemeki.

Alijaribu pia kutafuta mapigo yenyewe yanakaa wapi. Kwanza alidhani yanakaa mkononi mwa Bi Mwanakombo, kwa kuwa ndiye anayeanza. Siku moja Bi Mwanakombo akapiga chafya akakosa zamu, na mapigo yakaendelea bila yeye. Basi yako kwa Chausiku? Chausiku akaacha mchi wake kidogo afunge kanga, na mapigo yakaendelea. Kwake mwenyewe hakuyatafuta, maana alijua hayapo. Yeye ni Sikitu, na jina lake linasema. Hatimaye aliona kwamba mapigo hayakai kwa mtu. Yanakaa pale kati, kwenye ule upenyo mdogo ambao mchi mmoja unaupisha mwingine.

"Imba basi," Chausiku alikuwa akimchokoza kila walipotwanga kwa wimbo. "Unachezesha midomo tu kama samaki sokoni."

"Naimba," alinong'ona Sikitu.

"Unaimba! Nzi amekutulia mdomoni na hakusikia neno. Bi Mwanakombo, huyu mwali akiungua moto ataomba maji kwa barua."

"Mwache mwenzio," alisema Bi Mwanakombo. "Sauti yake anaiweka akiba."

"Akiba ya lini? Itaoza."

Na wakacheka, na kicheko nacho kikaingia kinuni na kutoka kama upepo uliokatikakatika, na huko juu, bila shaka, Mwenyewe naye akacheka asijue anacheka nini.

Wajumbe walikuwapo. Alikuwapo Bi Mshono, mzee wa ile njia inayopita katikati ya mlima kama mshono wa kanzu. Yeye aliwaletea uji wa tangawizi, na wakishaunywa mikono ilipata joto na michi ikawa myepesi. Alikuwapo Bwana Macho, wa Kilima cha Buluu, aliyefika mbio kanzu imepanda magotini, akipiga kelele: "Mwenyewe anapanda ngazi! Mwenyewe ameona nyoka!" Nao wakatwanga harakaharaka mpaka jasho likawatoka. Wajumbe hawa hawakugusa mchi hata siku moja. Walileta hali tu, wakaondoka. Lakini Sikitu aliona jambo la kutisha: kinu ni kilekile, mikono ni ileile, na bado pumzi ya mtu aliyeletewa uji si pumzi ya mtu aliyepigiwa kelele. Kumbe mji mzima unategemea nani amepita mlangoni, na amesema nini.

Sasa ilikuwa zamu ya uji. Bi Mwanakombo alikuwa ameshaanza kunusa tangawizi. Michi ilikuwa juu, wa Chausiku ukianza kushuka, na sauti ikaita nje:

"Hodi."

Mara moja tu. Mgeni hupiga hodi tatu. Anayepiga moja ni mtu wa nyumbani.

Michi ilichelewa. Kidogo tu, lakini Sikitu aliuhisi ule upenyo ukipanuka chini ya miguu yake.

"Karibu," alisema Bi Mwanakombo.

Aliingia mwanamume wa makamo, mpole wa uso, amevaa kikoi cha kwao, kilekile wanachovaa watu wa Kisogoni, na mkononi ana ufunguo wa mlango wao. Hakuna aliyeuliza ameupata wapi. Walimjua binamu yake, kijumbe mdogo aliyekuwa akija kila Mwenyewe alipojikwaa kidole. Huyo alileta tone moja la asali kwenye ncha ya kijiti, akawapaka midomoni, akaondoka. Huyu wa leo alibeba ndoo nzima.

"Poleni na kazi," alisema.

"Tushapoa," wakajibu wote watatu, kama desturi inavyotaka, na Sikitu akahisi ubaridi mikononi.

"Naitwa Bwana Pole. Nimetumwa. Hamsikii huko chini?"

Walisikia. Tangu michi elfu kadhaa, kutoka sakafuni kulikuwa na kilio, kilio cha mwili wenyewe, kama mbao zinazopasuliwa upande wa tumbo la mlima. Walikuwa wametwanga juu ya kilio hicho mpaka wakakizoea. Bwana Pole aliinama, akamimina kata moja ya asali kwenye ufa wa sakafu. Kilio kikapungua. Akamimina ya pili. Kikanyamaza.

Bi Mwanakombo alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Walionena hawakukosea."

Na Sikitu, ambaye moyo wake ulikuwa mwepesi kwa maumivu ya wengine kuliko yake, alimpenda mgeni yule papo hapo. Hilo ndilo lililomchanganya baadaye kuliko yote. Kama Bwana Pole angekuja na panga, wangemfungia mlango. Alikuja na rehema, na rehema yake ilikuwa ya kweli.

Akawagawia na wao. Asali ilikuwa tamu bila kuwa na ladha, kama usingizi wa mchana wa mtoto. Tu, tu... tu. Upepo uliingia mjini ukaishia katikati ya barabara.

"Polepole," alisema Bwana Pole. "Hakuna anayewafukuza."

Tu... tu.

Chausiku alikuwa bado ana utani kidogo uliobaki. "Mgeni siku mbili, baba, siku ya tatu mpe jembe. Hapa kwetu jembe ndilo hili." Akamnyoshea mchi wake.

"Sijakaa hata siku moja, dada yangu."

"Kwetu hakuna siku. Shika."

Bwana Pole aliupokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokezwa mtoto mchanga. Aliutazama kwa huruma. Kisha akaulaza juu ya mkeka, taratibu, akaufunika kwa kitambaa.

"Hata mchi huchoka," alisema.

Na hakuna aliyeuinua.

Hapo ndipo neno liliposhuka. Lilitoka juu, zaidi ya paa, mahali sauti za nje huingilia mlimani. Lilikuwa la msichana, laini, la kunong'ona, lenye mapenzi mengi na machozi ndani yake:

"Pumzika, mama. Pumzika."

Bi Mwanakombo akaushusha mchi wake chini. "Mmesikia? Hiyo ni amri, imetoka nje."

"Labda hakumaanisha hivyo," alisema Sikitu. Hakuna aliyemsikia.

"Pumzi na kupumzika ni ndugu wa tumbo moja," alisema Chausiku, amekwisha kaa kitako na kuegemea kinu. "Maisha yote tumeitwanga pumzi, shoga. Leo tumeambiwa tuile." Akafumba macho, mdomoni akiwa bado na tabasamu.

"Bi Mwanakombo. Shikamoo, Bi Mwanakombo. Amka," alisihi Sikitu, maana bibi naye alikuwa amesinzia.

"Marahaba, mwanangu," alijibu bibi yule toka mbali sana. "Waambie watu nimepumzika." Na Sikitu akasikia jinsi neno lile linavyosomwa kwenye matangazo ya vifo: amepumzika, amepumzika.

Alibaki peke yake na mchi wake mmoja. Alitwanga. Tu. Hakuna upepo. Tu. Vumbi kidogo tu lilitikisika mlangoni. Alitwanga kwa nguvu zote, na sasa alielewa kwa mikono kile alichowahi kukielewa kwa kichwa tu: mchi mmoja ni kelele. Nje, nguo kambani zilining'inia wima. Mitaa ya mbali ilianza kugeuka rangi, kwanza ncha za vidole vya mlima, kisha midomo yake, buluu kama wino uliomwagika. Watu wa madirishani hawakupiga ukelele. Bwana Pole alikuwa amewapitia kabla ya kushuka kibandani, wakalamba asali, na waliona rangi ile ni nzuri.

Bwana Pole alimtazama bila ubaya. "Na wewe kaa, mwali. Utachoka bure."

"Mji utakufa."

"Utaacha kuuma," alisema Bwana Pole, na hakuonekana kujua kwamba hayo ni mambo mawili.

Sikitu akaacha mchi, akakimbia. Alifuata njia ya Bi Mshono, akampita mzee mwenyewe amelala ukingoni, sufuria ya uji imepoa kando yake. Alipanda mpaka Kilima cha Buluu. Bwana Macho alikuwa ameketi kibarazani, asali inamng'aa ndevuni, macho nusu.

"Piga kelele," alimwambia. "Bwana Macho, tafadhali. Sema Mwenyewe ameona nyoka. Sema chochote."

"Nisemeje na sijasikia kitu?" alisema yule, ulimi mzito. "Mimi siamki mwenyewe, binti. Mimi huamshwa. Kelele ikitoka nje, napiga mbio. Huko nje wananong'ona tu, tangu asubuhi. Nani atampigia mbio mtu anayenong'ona?"

Akapanda tena. Hakujua anapanda wapi. Miguu ilikuwa yake na haikuwa yake. Na ndani ya kichwa, au ndani ya kichwa cha kichwa, maneno yalimjia vipandevipande.

Ile sauti naijua.

Sauti laini hivyo, ya mtu anayeogopa kusikika. Naijua.

Nani alininyoshea mchi wa kwanza? Uani, kinu cha mninga, mimi mdogo kuliko mchi. Mikono yenye harufu ya ndimu juu ya mikono yangu. Usiogope, ingiza mchi wako, mimi nitakupisha. Mama alikuwa akitwanga na mimi nikiingiza pale kati. Pale kati.

Basi Mwenyewe ni nani?

Mtu akiwa ndani ya mtu, na huyo mtu akawa amemzaa, nani yuko ndani ya nani?

Pumzika, mama. Nani alisema?

Mimi. Mimi nilisema.

Njia iliishia kwenye mlango wa duara, umewambwa ngozi nyembamba kama ngoma: kiwambo, ambacho sauti zote za nje hukigonga kabla hazijaingia Kisogoni. Ngozi ilikuwa inatetemeka. Upande wa pili mtu alikuwa ameweka mdomo karibu sana, akilia bila sauti. Sikitu naye akaweka mdomo wake. Midomo miwili, ngozi moja kati yake. Akasikia, nyuma ya yule mwenye kulia, sauti nyingine, kavu, ya mwanamke mwenye kazi nyingi:

"Dada, hiyo dawa ya maumivu ni nzuri, lakini ikizidi humsahaulisha mtu kuvuta hewa. Naifuata dawa ya kuiondoa. Wewe mwite. Na usimnong'oneze jamani, mwite! Bado anasikia."

Viatu vikaondoka mbio. Sikitu akasukuma ngozi, au ngozi ikamsukuma yeye, hakujua.

Alikuwa ameketi kwenye benchi. Ilikuwa alasiri, saa za kutazama wagonjwa, na jua lilikuwa limelala juu ya blanketi la kijivu. Chupa ya chai ilikuwa miguuni pake, na vitanda vilijipanga mpaka mlangoni, kila kimoja na watu wake wanaozungumza chinichini. Mbele yake alilala mama yake. Alikuwa amelia siku tatu kwa maumivu ya tumbo lililopasuliwa, na leo, baada ya sindano, alinyamaza, na uso wake ukawa mzuri kama wa msichana. Sikitu alikuwa amefurahi. Alikuwa ameinama akamwambia lile neno ambalo kila mtu humwambia mgonjwa, neno la huruma lisilo na kosa. Sasa midomo ya mama ilikuwa na rangi ya wino.

Kifua hakikuinuka. Akangoja. Kifua hakikuinuka.

Alikuwa na kelele moja tu maishani mwake, na hakuwahi kuitumia. Hakuitumia darasani alipojua jibu. Hakuitumia chuoni walipomsomea jina vibaya kwa miaka mitatu. Aliwaza watu wa vitanda vingine, macho yao, aibu. Aliwaza kwamba pengine ni dhambi kumtoa mtu kwenye raha ile na kumrudisha penye kilio. Ana haki gani? Kilio kile si chake. Na je, kama huko ndani, mahali ambapo ametoka sasa hivi au hajawahi kufika, wale wanawake wamechoka kweli? Kila wazo lilikuwa la haki na kila wazo lilikuwa limebeba ndoo ya asali.

Midomo yake ilifunguka kama ya samaki sokoni.

"Mama," alinong'ona.

Kisha sauti ya akiba ikatoka yote.

"MAMA! PUMUA!"

Wodi nzima iligeuka. Kikombe kilianguka mahali fulani. Na huko Kisogoni, kibarazani kwenye Kilima cha Buluu, mwanamume mwenye asali ndevuni aliruka wima, akapandisha kanzu magotini, akashuka mbio njia ya mshono huku akipayuka. Akampita Bi Mshono anayejifuta macho, akaubamiza mlango wa kibanda, na Bi Mwanakombo akapapasa gizani mwa usingizi wake, akaukuta mchi, na Chausiku akaufunua wa kwake chini ya kile kitambaa, akitukana. Bwana Pole alikuwa bado amesimama pale. Hakuzuia. Alisogea tu, akawapisha.

Mchi wa tatu ulilala peke yake kando ya kinu. Hakukuwa na mtu wa kuuinua. Lakini upenyo wake uliachwa, pale kati, na sauti ya msichana ikaingia humo na kutua kwa zamu yake.

Tu, tu, tu.

Kifua cha mama kiliinuka. Kabla hakijashuka kiliinuka tena juu ya kule kuinuka kwa kwanza, pumzi mbili zilizobebana, kisha zikatoka kwa pamoja, ndefu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni mlangoni. Kope zake zilicheza. Alimtafuta mwanawe kwa macho, akakawia kumpata.

"Si..." alisema mama, na kila neno lilikuwa mlima. "Si umeniambia... nipumzike?"

Kutoka mlangoni viatu vilikuwa vinarudi mbio. Watu wote wa wodi walikuwa wanamtazama, na Sikitu hakuinamisha uso. Alimshika mama mikono yote miwili, akaipandisha na kuishusha, kama walivyokuwa wakifanya uani.

"Nilikosea neno, mama," alisema, kwa sauti ambayo hata kitanda cha mwisho kiliisikia. "Sikutaka upumzike. Nilitaka kusema naogopa. Nilitaka kusema usiniache. Vuta, mama. Haya, vuta tena, nakupisha."